Mlima Uliohamia Kenya

Tangu niwaachie ufunguo wa karakana pale Soweto ya Moshi, haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu. "Dada Mkubwa, rangi ya ngozi ya Mama Maria unaichanganyaje?" "Dada Mkubwa, ukuta unatoa chumvi, tufanyeje?" Nimeona heri niandike, maana simu hukatika kila nikifika kwenye jambo la maana, na nyinyi mnanisikiliza huku mkipaka rangi. Msitafute humu habari za vyeti, sikuwahi kuwa navyo. Shule niliiacha darasa la sita, na hata kalamu hii nimeishika kama brashi, kwa hiyo mkiona herufi zangu zimeota mikia, nivumilieni.

Mnaniuliza sana juu ya ile karatasi kuukuu iliyotundikwa juu ya meza ya kuchanganyia rangi, yenye matundu madogo madogo. Mnaifuta vumbi kwa heshima kama picha ya marehemu. Basi habari yake ndiyo habari ya kazi yangu yote. Mkiielewa hiyo, mengine ni kuosha brashi tu.

Nyumbani kwetu ni Kirua. Baba yetu, Baltazari, alitangulia mbele ya haki, na mama akamfuata kabla ya kahawa kuiva tena. Nikabaki mkubwa wa watatu, mimi na Deo na Yusta, na Yusta bado alikuwa ananyonya kidole. Nilikuwa nikishuka mjini na ndizi kichwani, na nikishaziuza nilikuwa nasimama nje ya kibanda cha Mzee Twalib, mwandishi wa vibao, kumtazama anavyofanya kazi. Siku moja aliniuliza bila kugeuka.

"Wewe binti, unataka kibao au unanizibia mwanga?"

"Nakuzibia mwanga. Shikamoo."

"Marahaba. Basi zibia upande ule, jua linanichoma shingo."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Siku iliyofuata alinipa kopo la tapentaini na brashi zilizokakamaa, na muda mrefu sana sikugusa kitu kingine. Mkono wangu ulinuka tapentaini hadi Yusta akakataa kulishwa nao. Kisha nikapewa mstari. Nasema mstari, siyo herufi: kuvuta mstari mmoja ulionyooka, mkono ukiegemea ile fimbo yenye kichwa cha kitambaa, pumzi umeibana. Ukikohoa, unaanza upya. Nilijifunza kukohoa kabla ya kazi.

Mzee Twalib alikuwa mtu wa Moshi mjini, na mtu wa Moshi mjini ana pande nyingi. Baba yake alikuwa Mpare, na mama yake alikuwa na damu ya Kiarabu na ya Kihindi. Mkono wa herufi zake aliupatia madrasa, ndiyo maana hata neno BUCHA kwake lilikuwa linaelea kama limeandikwa juu ya maji. Maua ya waridi ya pembeni aliyatoa kwenye mabango ya sinema za Kihindi za ujana wake. Na mlima, ambao kila mteja aliutaka, aliujifunza Loitokitok, upande wa Kenya, alipokuwa kijana akimchorea mwenye duka mmoja huko. Kwa hiyo kibao kimoja kilikuwa na herufi za Uarabuni, waridi la Bombay na mlima wa Loitokitok, na nyama ilikuwa ya Moshi. Watu walinunua.

Mlima ule haukuwa unachorwa kila mara upya. Ulikuwa kwenye kiolezo, yaani karatasi ngumu yenye umbo la mlima lililotobolewa kwa sindano. Unaiweka ukutani, unagonga juu yake kitambaa chenye unga wa mkaa, unaondoa karatasi, na mlima umeshakaa kwa nukta. Nilidhani ni uchawi. Niliutazama mlima wa karatasi siku nyingi kuliko nilivyoutazama ule wenyewe, ambao nilikuwa nimezaliwa chini yake.

Wakati huo baba yetu mdogo, Sirili, alikuwa ameanza kusema kwamba watoto wasio na wazazi hawawezi kukaa peke yao. Sikumlaumu, alisema alichoona. Mpango wake ulikuwa Deo aende kwa shangazi Rombo, Yusta apelekwe Dar es Salaam kwa binamu, mimi niolewe, na kihamba chetu, yaani shamba letu la migomba na kahawa, akitunze yeye mpaka tukue. Nilimwambia nina kazi mjini. Akasema, "Kuosha brashi za Mwarabu ni kazi?" Mzee Twalib aliposikia alikasirika sana, siyo kwa neno Mwarabu, bali kwa sababu nilikuwa nimeshapandishwa hadi mstari.

Aliyetuokoa kwa muda alikuwa mzee Kleofasi, kwetu mzee tunamwita Meku, mwenyekiti wa kigango chetu na mkubwa wa ukoo. Kanisa dogo la kigango lilikuwa limemaliza kupigwa lipu, na ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa mtupu. Padre alitaka achorwe Kristo akipaa mbinguni. Wazee nao wakataka apae kutoka kwetu. Meku Kleofasi akawaambia wote, pamoja na baba mdogo, "Mpeni Filomena ukuta. Akiumaliza vizuri kabla ya sikukuu ya kigango, basi ana kazi, na mwenye kazi anaweza kulea. Ukimshinda, Sirili awagawe." Baba mdogo akakubali haraka, nadhani kwa sababu hakuwahi kuniona nikimaliza hata kufagia.

Nikamwomba Mzee Twalib msaada. Akasema, "Nyuso za watakatifu mimi sichori, hizo ni zako. Lakini mlima ni wa Mungu wetu sote. Chukua kiolezo."

Nilichora nikiwa nimening'inia kwenye jukwaa la miti, Deo akinishikia ngazi na Yusta akinishikia hadithi. Mitume niliwavika makoti ya mvua na mabuti, kama watu wetu wanavyokwenda kwenye kahawa. Mmoja nilimpa panga. Kristo nilimchanganyia kahawia ya udongo wetu, na Padre alipopita alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni ndiyo au hapana, nikaamua ni ndiyo. Mwisho nikaweka kiolezo, nikagonga mkaa, nikapaka theluji. Ulipendeza. Nakwambieni ulipendeza, hata leo nikifumba macho ninauona.

Wazee walikuja kuutazama. Wakasimama. Kimya kikawa kirefu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni uchaji.

Meku Kleofasi akavua kofia. "Mwanangu, Mawenzi iko wapi?"

"Ile pale, Meku. Kushoto kwa Kibo."

"Kushoto."

"Ndiyo."

Mzee mmoja wa nyuma akaanza kucheka hadi akashika benchi. "Jamani! Bwana amepaa kutoka Kenya!"

Ndugu zangu, mtu wa Kirua anakunywa maziwa ya mama akiwa ameuelekea mlima na vilele vyake viwili, Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Ukiiona Mawenzi ikiwa kushoto, ujue umezunguka mpaka nyuma ya mlima na umeshavuka mpaka wa nchi. Mimi, mtoto wa hapo hapo, nilikuwa nimeuhamisha kwa unga wa mkaa, bila hata kupitia kituo cha mpakani Holili. Mjini hakuna aliyewahi kugundua, kwa sababu watu wa mjini hutazama bei ya nyama. Lakini ukutani kwa wakulima ilikuwa kama kumpaka mtu uso wake kisogoni.

Baba mdogo hakucheka. Alisema taratibu, na hiyo iliuma zaidi, "Asiyejua mlima wa kwao umekaa upande gani, atajuaje watoto wamelala upande gani?" Akasema ukuta upakwe chokaa na kikao cha ukoo kifanyike.

Usiku ule Deo alianza kukunja shati lake. Nilimwuliza anafanya nini, akasema anajizoeza kwenda Rombo. Yusta akasema yeye hajizoezi chochote.

Asubuhi nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyowahi kumwona mama akifanya. Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui: kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kumfukuza, hata kama amechoma nyumba yako. Nikalipeleka kwa Meku Kleofasi kwa mikono miwili. Baba mdogo alikuwa pale, akinywa uji.

"Isale la nini?" Meku akauliza. "Umempiga nani?"

"Nimeukosea mlima, Meku. Naomba niuombe radhi kwa kuuchora tena."

Baba mdogo akaweka bakuli chini. "Isale haliletwi kwa makosa ya rangi!"

"Sirili," akasema Meku, akilipokea jani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia, "isale haliulizi kosa lina ukubwa gani. Limeshaletwa. Kunywa uji wako."

Nikapewa mpaka sikukuu. Mzee Twalib aliposikia mkasa alipanda mwenyewe kutoka mjini, kanzu imejaa tope, akautazama ukuta, akasema jambo la busara kabisa: "Si uigeuze karatasi?" Kweli! Kiolezo ukikigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Tukapaka rangi ya anga juu ya mlima wa kwanza, tukageuza karatasi, tukagonga mkaa. Mawenzi ikarudi nyumbani. Tulipongezana.

Wazee wakaja tena. Wakainamisha vichwa upande huu, wakainamisha upande ule.

"Upande ndio," akasema mmoja. "Mlima sio."

"Sio vipi?"

"Kibo yetu haina bega lile. Huyo ni mtu mwingine amevaa koti la jirani."

Nikawauliza basi ukoje. Nilikosea kuuliza. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, mlima ulikuwa umejifunika kwa siku nyingi, na kila mtu ilibidi auchore kwa mdomo. Mama mmoja aliyeolewa kutoka Machame akasema, "Mawenzi mnaiweka ya nini? Kwetu hata haionekani na tunaishi vizuri." Mkwe wa kutoka Rombo akaruka, "Mawenzi ndiyo iko mbele! Kibo iko nyuma yake kama mtoto mgongoni!" Mwingine akasema Mawenzi ichorwe na mapengo yote, maana wazee husimulia kwamba ilipigwa mchi na ndugu yake Kibo kwa kuomba moto kila siku. Yusta akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Deo, akasema, "Kama Dada anavyotupiga." Kanisa zima likacheka, na mimi ndiye niliyekuwa Kibo.

Walibishana hadi saa ya kukamua maziwa ya jioni. Na katika ubishi ule ndipo nilipoelewa kitu ambacho kimenilisha maisha yangu yote: hakuna aliyekuwa anasema uongo. Kila mmoja alikuwa amesimama mahali pake. Mimi peke yangu ndiye sikuwa nimesimama mahali popote. Nilikuwa nimesimama ndani ya karatasi ya Mzee Twalib, na yeye mwenyewe alishaondoka hapo zamani.

Nikajiuliza, Filomena, wewe mahali pako ni wapi? Jibu lilikuwa nyuma ya nyumba. Kwetu marehemu hulazwa akiielekea Kibo, na baba na mama wamelala pale kando ya mti wa mringaringa, bega kwa bega, wakiutazama. Wao wanauona hata ukijifunika.

Asubuhi, kabla ya ng'ombe kukatiwa majani, tulikwenda watatu kusimama baina ya yale makaburi mawili. Deo alinishikia jani la mgomba kichwani kuzuia manyunyu. Nilikuwa na kipande cha mkaa, na karatasi sikuwa nayo, kwa hiyo nikakitandaza kiolezo kwenye ubao, upande wa nyuma ambao haujaandikwa kitu. Tukangoja. Yusta akauita mlima kwa sauti ya kuitia kuku. Siku ya kwanza haukuja. Siku ya pili haukuja, na Yusta alisema labda nao unanyonya kidole.

Halafu asubuhi moja wingu likapasuka katikati, kama mtu anavyofungua mlango kidogo kuona ni nani anayegonga. Nikachora. Sikuvuta mstari ulionyooka, sikubana pumzi, na nilikohoa katikati bila kuanza upya. Nilichora bega la Kibo, uwanda ulio katikati yao kama tandiko, mapengo ya Mawenzi kwa mbali upande wa kulia, na mbele kabisa mringaringa wa baba wenye lile tawi lililovunjwa na radi. Wingu likafunga mlango. Deo akasema mkono umemfa ganzi, akalishusha jani na maji yote yakaniingia shingoni.

Mlima ule niliupaka ukutani pamoja na mti wake, na siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Sikukaa mbele. Nilisimama mlangoni na Mzee Twalib, ambaye alisema yeye mlangoni panamtosha. Watu waliingia, wakatazama altare, na minong'ono ikaanza kupita kwenye mabenchi kama upepo kwenye migomba. Hakuna aliyesema Kenya. Mama wa Machame alimgusa jirani yake. "Ule mti naujua. Hapo ni kwa marehemu Baltazari. Nimechota maji kwao miaka."

Baba mdogo alikuwa benchi la pili. Nilimwona kisogo tu. Alikuwa ameuinua uso na hakuushusha, hata wengine walipopiga magoti yeye alichelewa. Baadaye Meku Kleofasi alimwuliza mbele ya watu, "Sirili, vipi, mlima uko sawa?"

Akajibu, "Hapo ndipo mimi na kaka tulipokuwa tunachungia mbuzi. Tawi lile lilivunjika tukiwa chini yake." Akaongeza, "Yupo sawa." Hakusema uko. Alisema yupo, na nadhani hakuwa anausema mlima.

Kikao cha ukoo kilifanyika, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, ikasifiwa, ikaongezwa, na ajenda ya kutugawa haikufikiwa. Hata leo haijafikiwa. Deo akakunjua shati. Baba mdogo akaja wiki iliyofuata na mkungu wa ndizi za mtori, akauliza kama naweza kumpakia mlango wake rangi ya kijani. Nikampakia. Nikamwekea na waridi la Bombay, bila kuulizwa, akalalamika na hakulifuta mpaka anakufa.

Mzee Twalib alikitaka kiolezo chake. Nilimpa kwa aibu, maana nilikuwa nimekiharibu nyuma. Akakigeuza, akakitazama, akakigeuza tena. Upande mmoja mlima wa Loitokitok, upande wa pili mlima wa kwetu. "Umri wote huu," akasema, "nilikuwa na nusu ya mlima." Akakitundika juu ya meza yake ya rangi, kama mnavyokiona kwenu sasa. Alipofariki, watoto wake waliniachia karatasi hiyo na ile fimbo ya kuegemeza mkono.

Miaka iliyofuata nilipaka kila kinachosimama na vingi vinavyotembea. Nilipaka malori yanayovuka Holili, na madereva wa Kenya wakinitaka mlima nilikuwa nawapa upande wao, kwa moyo mweupe. Kwa wachonga vinyago wa Kimakonde waliohamia mjini nilijifunza kwamba watu wanaweza kubebana mwili mmoja juu ya mwingine na picha isianguke; angalieni ukuta wa zahanati, wale mama waliobebana ni mkono wao. Kwa akina mama wa Kimasai sokoni nilijifunza kwamba bluu na chungwa zikiwekwa jirani hazigombani, zinaimba. Watalii walinitaka tembo chini ya mlima. Nilichora tembo wengi kiasi kwamba kama wangekuwa hai, Moshi ingehamishwa. Mgeni mmoja aliniuliza falsafa yangu ni nini, nikamwambia asiegemee ukuta, rangi bado mbichi. Nilikuwa na kazi. Lakini swali lilinifuata nyumbani, na jibu ni hili, mpelekeeni mkimwona: mkono nimekopa kwa kila mtu. Jicho sikopi.

Sasa mna mashine ya kuchapa mabango, na sina ugomvi nayo, ina mstari ulionyooka kuliko wangu na haikohoi. Juzi mmoja wenu alinitumia kwenye simu bango la baa moja lenye mlima mzuri, unang'aa, akaniuliza Mawenzi iwe kushoto au kulia. Mwanangu, hilo siyo swali langu wala la mashine. Toka nje ukamwulize mwenye baa: ukifungua mlango asubuhi, unauonaje? Kisha simama pale anaposimama. Mvua ikinyesha, kuna majani ya migomba.

Nami nimeshachagua pangu pa kulazwa. Deo na Yusta, ambao sasa wana wajukuu na bado wananiita Kibo, wanajua: pale kando ya mringaringa, upande wa mama. Siku hiyo nyinyi ndio mtakaopima, kwa kuwa ndio wenye kamba na chaki. Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Tafadhali mhakikishe mara mbili, na mkipata shaka mwulizeni mtu wa Kirua. Nimeshaupeleka mlima ule Kenya mara moja, na sitaki kulala milele nikiutazama kutoka kwa jirani.